Miguu ya Mzee Stanislaus

Ukitaka kujua kama Alhamisi Kuu imekaribia hapa kwetu, usiangalie kalenda. Angalia miguu ya wazee wa kanisa. Wiki nzima wanaume hao wanatembea na soksi kwenye jua kali. Wanasugua visigino kwa jiwe, wanajipaka mafuta, wanakata kucha ambazo tangu Krismasi hakuna aliyezikumbuka. Kisa na maana? Alhamisi jioni Mchungaji atawaosha miguu mbele ya kanisa zima, wazee kumi na wawili, na hakuna anayetaka watu waone miguu michafu. Yaani mtu anaosha miguu nyumbani ili akaoshwe miguu kanisani! Mimi jambo hili linanichekesha kila mwaka, na kila mwaka akina mama wenzangu wananifinya ninyamaze.

Bingwa wao ni Mzee Stanislaus, mwenyekiti wa baraza la wazee. Kiti cha kwanza siku hiyo ni chake, hakigombaniwi. Ana shamba la kahawa, ana ng'ombe, na ana mdomo. Akisema "mimi naona hivi," basi kikao kimekwisha. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila tangu apate koti la kikao, jembe alikuwa analiona kwa mbali tu.

Mimi ni Niyonsaba. Watu wananiita Mwalimu, hata wale walionizidi umri, kwa sababu ya chekechea. Ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma nyuma ya kanisa, nje kidogo ya Kasulu, barabara ya kwenda Kibondo. Nilikianzisha mwenyewe, na viti vyake vifupi nilivipigia misumari kwa mkono wangu. Mama zao watoto wanashinda bondeni kwenye maharage. Zamani mtoto mdogo aliachiwa dada yake, na dada huyo akaacha shule. Nilipofungua chekechea, binti mmoja anaitwa Divine alinikabidhi mdogo wake mlangoni, akageuka, akakimbia kwenda darasa la nne bila hata kuaga. Nilimwangalia mpaka akapotea. Kuanzia siku ile nikajua kazi yangu ni ipi.

Sasa mwaka huu, mvua za Januari, choo chetu kikatitia. Asubuhi tulikuta kuta zimelala na shimo limejaa tope. Watoto wakawa wanakwenda kwenye migomba. Bwana Afya akaja, kijana mpole tu, akaangalia migomba, akashika pua.

"Mwalimu, Jumanne baada ya Pasaka narudi," akasema. "Nikikuta choo, endelea. Nisipokuta, nafunga. Usinichukie."

Sikumchukia. Kosa lilikuwa letu. Nikakimbilia baraza la wazee.

Yemwe! Baraza! Mzee Stanislaus alifungua kwa sala ndefu, kisha akasoma habari za Yesu kujifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Alisoma vizuri, kwa sauti nzito, mpaka nikapata matumaini. Halafu wakaanza kujadili. Shimo la choo hapa kwetu lina wenyewe: wanachimba vijana wa vibarua wanaovuka mpaka wa Burundi kule Manyovu. Mwenye cheo hashuki shimoni. Na vijana wa vibarua msimu ule wote walikuwa mashambani kwa watu. Basi ikaundwa kamati ndogo. Wiki iliyofuata kamati ndogo ikaomba muda. Iliyofuata tena wakakubaliana kwamba jambo hili ni zito. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi nikaunguza maharage.

Kwaresima ilipoanza ndipo tukaletewa mchungaji mpya kutoka Kibondo, Mchungaji Pasikali Ndayisaba. Alikuja na pikipiki, godoro nyuma, na ubavuni mwa godoro amefunga sululu. Watu wakaitazama ile sululu, wakatazamana. Mwembamba, mpole, Kiswahili chake bado kina Kirundi cha wazazi wake ndani yake. Mahubiri yake ya kwanza yalikuwa mafupi hata tukafika nyumbani jungu bado halijachemka.

Baada ya ibada nikamfuata. Nilimweleza yote, choo, Bwana Afya, Jumanne ya Pasaka.

"Mnachimba sehemu gani?" akaniuliza.

"Hatuchimbi, Mchungaji. Tunajadili."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nikajua huyu naye ni wale wale.

Kesho yake asubuhi nafungua darasa, nasikia huko nyuma: ti, ti, ti. Nikazunguka. Namkuta Mchungaji yuko kwenye shimo jipya, limekwisha kumfika kiunoni, shati kalitundika kwenye mparachichi.

"Mana yanje, Mungu wangu!" nikapiga kelele. "Mchungaji, toka humo! Watu watasemaje?"

"Habari za asubuhi, Mwalimu," akajibu, akaendelea.

Habari zilimfikia Mzee Stanislaus kabla hajamaliza chai. Akaja mbio mbio na koti lake, nyuma yake Manirambona, mwalimu wa kwaya, amejitwisha kiti. Lazima niwaambie juu ya kile kiti. Kwetu mchungaji hasimami. Akienda msibani, kiti kinamfuata. Akienda kuona shamba la kanisa, kiti kinamfuata mpaka kwenye mihogo. Ni kile chenye mikono, na kitambaa cha kufuma mgongoni. Wakakiweka ukingoni mwa shimo.

"Baba Mchungaji, kiti chako hiki," akasema Mzee Stanislaus. "Panda ukae. Hii si kazi yako."

"Asante sana, Mzee wangu. Kaa wewe tuzungumze, mimi nina kazi kidogo huku chini."

Mzee akasitasita. Kukataa alichosema Mchungaji ni vibaya, kukalia kiti cha Mchungaji pia ni vibaya. Mwishowe akakaa, mgongo wima, koti limefungwa vifungo vyote, anazungumza na kichwa kinachoibuka na kuzama. Watoto wangu wote walikuwa dirishani. Nami nilikuwa nao, nakiri.

Baada ya muda nikasikia, "Mzee wangu, samahani, nivutie hiyo ndoo tu."

Sasa ungefanya nini? Mchungaji amekuomba umvutie ndoo. Mzee akashika kamba, akavuta. Ndoo ikija juu lazima imwagwe, akaimwaga. Ikimwagwa lazima irudi chini, akairudisha. Tone la tope likamrukia kwenye soksi. Nilimwona akilitazama kwa uchungu mkubwa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mchungaji anaingia shimoni kabla ya ziara zake za wagonjwa, na yeyote anayekuja kumsalimia anaambiwa, "Nivutie ndoo tu," kisha anashukuriwa sana. Hakumwambia mtu hata mmoja, "Njooni mchimbe." Mimi nilitaka awaseme! Jumapili nilikaa mbele kabisa, nikingoja awachane kutoka madhabahuni. Akahubiri habari za Zakayo. Nilishindwa kuvumilia, nikamfuata sakristia.

"Mchungaji, mbona huwaambii? Siku zinakwisha! Watoto wangu watafukuzwa, na wewe unachimba peke yako!"

Akajifuta jasho. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge na mengine yamepasuka. "Mwalimu," akasema, "hawa wamekwisha kuambiwa sana."

Nikaenda kumletea mafuta ya mawese apake viganja.

Lakini nimsifie kwa haki: mikono alikuwa nayo, jicho hakuwa nalo. Lile shimo likaanza kwenda upande. Mzee Stanislaus, kila akivuta ndoo, alikuwa akilichungulia na kuguna. Siku moja naona ameinuka kwenye kiti.

"Mchungaji, unachimba choo au unamtafuta fuko? Upande huo umeingia, huu umetoka! Ukuta wa namna hiyo utasimama wapi?"

"Ni kweli, Mzee. Nifanyeje?"

"Ufanyeje? Toka humo! Toka, toka, unanitia kichefuchefu."

Akavua koti, akaliweka kwenye kiti. Akavua viatu. Akavua soksi, akazikunja, akazitia mfukoni mwa koti. Akashuka peku na tumbo lake lote, huku akilalamika mpaka chini. Mchungaji akashika kamba ya ndoo, akanitupia jicho, na lile jicho lilikuwa linacheka.

Mzee alipoingia shimoni, nani angebaki nje? Manirambona alikuja na sepetu. Wengine wakaja, kwanza kuangalia kama ni kweli, kisha wakaombwa ndoo. Kikazaliwa kile tunachokiita ikibiri, ile kazi ya kusaidiana waliyovuka nayo wazazi wetu kutoka Burundi: leo kwangu, kesho kwako, na anayechelewa anataniwa mpaka atamani kurudi nyumbani. Akina mama tuliponda kokoto, tukachota maji, tukapika ugali wa muhogo na dagaa. Mzee Stanislaus ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote. "Manirambona, shika sepetu, si maikrofoni hiyo!" Kile kiti sasa kilikuwa cha kutundikia makoti.

Hata Mzee Khatibu, mwenye duka la vifaa mjini Kasulu, alifika na pikapu, saruji na nondo nyuma. Mjukuu wake, Swaumu, anasoma kwangu. Wazee wakaanza kumshukuru kwa hotuba, akawakata.

"Jamani, choo hakina dhehebu. Nishushieni mzigo, nawahi swala."

Tukamwaga zege la kufunikia shimo. Tulilimwaga uwanjani palipo sawa, pembeni ya shimo, tukalifunika majani ya migomba, na kila siku watoto wakalinyeshea maji ili likauke bila kupasuka. Likikomaa, kazi itakuwa ni kuliburuta juu ya magogo mpaka likae juu ya shimo. Siku ya kuliburuta ikaangukia Alhamisi Kuu.

Mchana ule kila kitu kilikuwa tayari. Shimo refu, wima, safi, mpaka Mzee alikuwa analichungulia kwa mapenzi. Lakini mawingu yalianza kupanda kutoka upande wa Burundi, meusi, na ibada ilikuwa saa kumi na moja. Hapo wazee wakakumbuka. Miguu! Wakajitazama chini. Udongo mwekundu umeingia kwenye nyufa za visigino, hautoki kwa kupangusa. Basi hapo pakawa na tafrani. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuondoka, huyu anasema anakwenda kuangalia mbuzi, huyu anasema mke wake anamwita. Mke wake alikuwa hapa na mimi anaponda kokoto!

Nikamgeukia Mchungaji. Naye alikuwa anatazama saa.

"Twende tukajiandae, Mwalimu, ibada isichelewe. Zege tutaliweka Jumamosi. Leo tufunike na turubai."

"Mchungaji, mvua hii haitangoja Jumamosi. Maji yakiingia humo, kuta zinaanguka, na tunarudi tulikoanzia. Jumanne—"

"Turubai litazuia," akasema kwa upole, akaondoka.

Nilibaki nimesimama na nyundo mkononi. Turubai lenyewe lilikuwa na matundu. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia yule mtu, na hasira ya kumkasirikia mtu mwema inauma vibaya. Nilimfikiria Divine amesimama mlangoni na mdogo wake mkononi, mlango umefungwa. Nikaenda kuvaa kitenge changu cha ibada, kwani ningefanya nini?

Saa kumi na moja kanisa limejaa. Mbele viti kumi na viwili. Wazee kumi na mmoja wamekaa, suruali zimekunjwa, miguu inang'aa mafuta. Kiti cha kwanza kitupu. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Stanislaus, kwenye siku yake ya mwaka! Labda anaumwa. Labda shimo limemvunja mgongo. Mchungaji alisimama na kanzu nyeupe, kitambaa kiunoni, beseni mkononi, anasubiri. Kwaya ikarudia wimbo. Ikaurudia tena.

Wimbo ulipokwisha, kukawa kimya kidogo, na katika kimya kile tukasikia kutoka nyuma ya kanisa: ti, ti, ti.

Mchungaji aliganda. Akaitazama ile miguu iliyopangwa mbele yake, safi yote, haina la kuoshwa. Halafu akageuka, na beseni lake, akatoka kwa mlango wa ubavuni. Nikainuka. Kanisa zima likainuka.

Matone yalikuwa yameanza. Mzee Stanislaus alikuwa peke yake, peku, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini. Alikuwa anachimba mfereji wa kugeuza maji yasiingie shimoni. Magogo alishayapanga. Kamba alishazifunga kwenye zege kwa mafundo mazuri, zimelala tu zinangoja mikono. Kona moja ya shimo ilishaanza kumomonyoka.

Mchungaji akasimama mbele yake na beseni. "Mzee wangu, tulikuwa tunakusubiri. Nimekuja kukuosha miguu."

Mzee hata hakuinua kichwa. "Niache kwanza, Mchungaji. Weka hilo beseni hapo. Shika kamba."

Hakuna mtu aliyewahi kusema na mchungaji namna ile kijijini kwetu. Nikamtazama Mchungaji usoni, nikaona anacheka, na hapo hapo machozi yanamtoka. Akaweka beseni kwenye majani. Akapandisha kanzu yake mpaka magotini, akaibana kwa kile kitambaa cha kiunoni, akashika kamba.

"Samahani, Mzee," akasema.

"Samahani baadaye. Vuta!"

Wale kumi na mmoja wakaingia kwenye tope na miguu yao ya mafuta, wanateleza, wanashikana. Manirambona akaanguka chali, hakuna aliyekuwa na muda wa kucheka isipokuwa mimi. Akina mama tukashika kamba ya pili. Mzee anapiga kelele, "Pamoja! Eee haya! Wewe, toa mguu hapo! Eee haya!" Zege likasogea. Likakwama. Likasogea tena, magogo yakalia chini yake, na mvua ikafunguka kweli kweli, ile ya masika isiyosikiliza mtu. Tukavuta hatuonani. Halafu nikasikia kishindo kizito, *dum*, na kamba zikalegea mikononi mwetu. Zege lilikuwa limekaa juu ya shimo, na maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa Mzee, yanakwenda zake kwenye migomba.

Sikumbuki nilisema nini. Wanasema nilimkumbatia Mzee Khatibu, lakini Mzee Khatibu hakuwepo, kwa hiyo sijui nilimkumbatia nani.

Tulikimbilia chekechea, ndiyo iliyokuwa karibu. Wazee wakajibana kwenye viti vyangu vifupi, magoti yamewafikia kidevuni, wanatiririka maji mekundu sakafuni. Mchungaji akaingia mwisho na beseni lake. Lilikuwa limejaa maji ya mvua. Akapiga magoti, akaanza na aliyekuwa karibu na mlango, na hakuna aliyekumbuka kiti cha kwanza ni kipi. Maji yakawa mekundu, akayamwaga, akakinga mengine kwenye bati, akaendelea. Tope lile halikutoka kirahisi. Alisugua. Mzee Stanislaus alikuwa wa mwisho, na yeye alichukua muda kuliko wote, mguu umepasuka, kidole gumba kina jeraha la sululu. Mzee alikuwa anatazama ukutani, kwenye picha zangu za A ya afya na B ya baba.

Alipokwisha kuoshwa akasimama, akamnyang'anya Mchungaji kitambaa.

"Sasa wewe. Kaa."

"Mzee, hapana, mimi—"

"Usibishane na mimi, nilishakuzoea. Kaa."

Mchungaji akakaa. Mzee akapiga magoti na tumbo lake lote, akashika ule mguu mwembamba mwekundu, akauosha polepole, vidole kimoja kimoja. Nililia. Nililia kwa sauti, na safari hii hakuna mama aliyenifinya, wote walikuwa na kazi hiyo hiyo.

Jumamosi na Jumatatu ya Pasaka tukapandisha kuta. Jumanne Bwana Afya akafika na pikipiki yake. Akazunguka choo, akagonga ukuta, akasukuma mlango, akamulika tochi chini. Mchungaji alikuwa anapiga deki ndani. Mzee Stanislaus alikuwa nje anamalizia kibuyu chirizi, lile dumu la maji linaloning'inia kwenye mti, unakanyaga kijiti chini na maji yanakumiminikia mikononi.

"Nizungumze na kiongozi wa hapa," akasema Bwana Afya. "Ni nani?"

Mchungaji akamwonyesha Mzee kwa fagio. Mzee akamwonyesha Mchungaji kwa kidevu. Mimi nikachoka nao wote wawili.

"Bwana Afya," nikasema, "wewe sema tu kama tunafunga au hatufungi, moyo wangu unataka kupasuka."

Kabla hajajibu, Swaumu akanivuta kitenge. "Mwalimu, nimebanwa."

Tukapisha wote. Mchungaji akatoka na fagio lake. Swaumu akaingia, akafunga mlango, na sisi watu wazima tukasimama kimya tunatazama juu, kana kwamba tunakagua hali ya hewa. Akatoka, anashusha gauni, akaelekea kwenye dumu. Akakanyaga kijiti, uzito wake haukutosha. Mzee Stanislaus alivua kiatu, akaweka mguu wake peku juu ya kijiti, mguu mkavu, haujaona mafuta, udongo bado umelala kwenye nyufa za kisigino. Akakanyaga.

"Osha vizuri, mjukuu wangu," akamwambia. "Na katikati ya vidole."

Bwana Afya alingoja mtoto amalize. Kisha akatia kalamu mfukoni, akasogea, akanyoosha mikono yake naye, na Mzee akamkanyagia.